Chokaa ya Nábla

Waliosoma hupenda kuandika kwamba sisi wakulima wapangaji wa milimani Mayo tuliweka lundo la samadi mlangoni kwa uvivu. Waongo. Nyumba iliyong'aa ilipandishiwa kodi na kabaila mwenye ardhi, basi tuliivika uchafu kama mtoto mzuri anavyofichwa asipatwe na kijicho.

Nábla alilijua hilo. Lakini mwaka ule zamu ya misa ya nyumbani ilimwangukia, na padri angewaungamisha majirani pale pale mekoni pake. Akahamisha samadi nyuma ya nyumba, akapaka kuta chokaa hadi zikaumiza macho.

Nyapara wa kabaila akapita, akasimamisha farasi.

"Naona mambo yenu si mabaya, mama."

Angeweza kulia njaa kama tulivyozoea. Ila mgongo ulikuwa umenyooka siku hiyo. "Tumejaliwa, bwana," akajibu.

Kabla ya Jumapili habari ikafika: kodi inapanda kwa wapangaji wote wa mlima wetu. Udongo mmoja, kodi moja. Sote tulimjua atakayeshindwa kwanza: Onóra, mjane wa nyumba ya pili, aliyekwisha kuuza nguruwe wake kulipia kodi ya zamani. Anayeshindwa kulipa hufukuzwa, na nyumba yake hung'olewa paa.

Siku ya misa watu walijaa, wakasifu kuta. Hakuna aliyemlaumu Nábla, na hilo ndilo lililomchoma. Alipopiga magoti kuungama, padri alimnong'oneza, "Kupaka chokaa si dhambi, binti yangu," akamwita anayefuata. Padri naye alikuwa mgeni wa chakula cha jioni kwa kabaila. Nasema tu.

Nábla hakumeza hata tonge. Wageni walipotoka, alimshika Onóra mkono.

"Mama, ni mimi. Ni mdomo wangu."

"Najua. Nilikuwa mlangoni pangu, nikakusikia."

"Mbona hukunitukana?"

"Nilifurahi, mwanangu. Kwa dakika moja nilifurahi mmoja wetu kujibu vile." Onóra alijifunga shali. "Halafu nikakumbuka paa langu."

Nábla alilia kimya. Kisha akasema, "Nyapara akija kudai, nitatoka mbele yenu wote nimwambie hatulipi nyongeza. Anifukuze mimi."

"Wewe tena?" Onóra akamtazama. "Umeshatusemea mara moja, inatosha. Safari hii nenda kagonge kila mlango, uwaambie ulichoniambia mimi. Wakikubali, tutasema sote."

Nábla akatazama nyumba zilizotapakaa mlimani, kila moja na samadi yake mlangoni. Akaanza na iliyo karibu.