Eda ya Bi Time

Bi Time binti Mjaka aliingia ofisini kwetu makarani wa hospitali asubuhi ya Jumatatu, buibui jipya, uso umemnawiri kama anayekwenda harusini. Nikainuka kitini.

"Shikamoo, Bi Time."

"Marahaba, mwanangu Mabrouk. Haya, nshamaliza. Ijumaa nshawarudishia sare yao. Nipeni changu nkapumzike."

Mwaka 1957 huo. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa mhudumu wa wodi ya wazazi katika hospitali ya serikali, akiogesha vichanga, akifua damu za watu, akiwashika mikono wanawake wanaopiga kelele. Wanangu watatu kati ya sita, mtu wa kwanza kuwaogesha ni yeye. Vidole vyake vilikuwa vimekwisha kwa sabuni na dawa. Alikuwa mtu wa Tumbatu, mjane, na binti yake Khamisa alikuwa na pumu isiyomruhusu kazi yoyote. Chumba walichokaa kule mtaa wa Malindi, hapa hapa Unguja mjini, kilikuwa cha kupanga. Bila pensheni, bibi yule angerudi kufua, safari hii mashuka ya majumba ya watu, mpaka siku ya kufa. Nililijua hilo vizuri, asije mtu akanitetea.

"Nenda nyumbani, Bi Time," nikamwambia. "Mambo yako mepesi."

Alipotoka nikafungua faili lake. Lahaula! Mwandiko ulikuwa wangu.

Miaka kumi nyuma, mumewe alifariki. Siku ya tatu ya msiba Gharib, kaka yake Bi Time, alikuja mezani kwangu na kanzu yake ya matanga.

"Bi Time kakaa eda," alisema. "Ikisha atarudi. Mwambieni Mzungu wenu."

Nitamwambia nini Mzungu? Fomu zake zilikuwa na likizo ya mwaka na likizo ya ugonjwa. Ya mwanamke kukaa ndani miezi minne na siku kumi kwa kufiwa na mume haikuwamo, na mtu akikosekana siku kumi bila ruhusa hufukuzwa, harudi tena. Hapo nikajifanya hodari. Niliandika kwamba Bi Time ameacha kazi kwa hiari yake. Kisha nikaishikilia nafasi yake kwa hila zote nilizozijua, asiipate mtu, na eda ilipokwisha nikamwandika upya kama mfanyakazi mgeni. Alitia dole gumba pale nilipomwonyesha, akanishukuru. Nami nilirudi nyumbani nimefura kwa wema, nikamsimulia mke wangu jinsi nilivyomsitiri mjane wa watu, naye akanisifu sana.

Sasa pensheni. Sheria ilitaka utumishi usiokatika, usiopungua miaka kumi. Kwa kalamu yangu, Bi Time wa miaka ishirini na miwili alikuwa na miaka tisa na miezi.

Na mnajua kilichonichoma zaidi? Bwana Mkubwa wetu kila baada ya miaka miwili na nusu alikwenda livu, likizo yake ndefu, kwao Uingereza, miezi mitano, pengine sita, akivua samaki mtoni na kututumia kadi za picha. Siku zile zote zilihesabiwa kazini. Aliyezihesabu ni mimi, na sikukosea hata moja. Mzungu kuvua samaki ni utumishi, Bi Time kumlilia mumewe ni kuacha kazi! Nikikumbuka natamani kutukana, na uzee huu wote.

Wiki ile Bwana Mkubwa aliniita, faili liko wazi mbele yake. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo.

"Mabrouk, mwanamke huyu aliacha kazi kweli? Kama alikuwa na ruhusa naweza kumwombea."

Ilikuwa kusema tu: La, bwana, niliandika uongo. Lakini karani akiandika uongo katika faili la serikali alikuwa anafukuzwa bila senti, nami nilikuwa na miaka kumi na sita kazini na watoto sita nyumbani. Pensheni niliyoiokoa siku ile ndiyo ninayoila mpaka leo. Nikatazama feni inavyozunguka.

"Ndivyo ilivyoandikwa, bwana," nikasema.

Akachukua muhuri, akagonga.

Barua ya jibu niliipeleka mwenyewe Malindi, baada ya sala ya Alasiri. Niliwakuta majirani wawili wa kike wamekuja kufurahi naye, na Khamisa ameshapika chai ya maziwa na kaimati. Nikasoma. Atapewa kiinua mgongo kidogo cha mara moja, basi, kwa kuwa mwaka 1947 aliacha kazi kwa hiari yake.

"Mie?" akasema Bi Time. "Mie nliacha kazi? Nlikuwa edani! Si ulikuwapo, Mabrouk? Si Gharib alikuja kwenu?"

"Faili ndivyo linavyosema, Bi Time."

"Kaandika nani?"

"Makarani wengi wamepita pale."

"Na wewe uliwaambia kama nlikuwa edani?"

"Niliwaambia. Hawakusikia."

Alinitazama kwa huruma, wallahi, kwa huruma, kama mtu aliyenisumbua bure. Kisha akainua mikono yake ile iliyochubuka.

"Basi huyo aliyeandika, Mwenyezi Mungu asimwonjeshe raha ya uzee wake."

"Amin," wakaitikia Khamisa na majirani. Wakanigeukia, maana mimi nilikuwa bado.

"Amin," nikasema.

Khamisa akanimiminia chai, akanisogezea sahani ya kaimati. Nikala.