Samaki Asiye na Magamba

Mimi sijui kusema polepole, na bwana yangu hapa Kabimba analijua hilo. Basi nitasema wazi: mama yetu Emerance alikufa akitamani singa, na singa walikuwa sokoni Kalemie kila asubuhi.

Singa ni samaki wa ziwa mwenye masharubu, mwili wote ngozi tupu, hana hata gamba moja. Mama alizaliwa Zongwe, na huko mugonjwa akikataa chakula wanamupikia muchuzi wa singa. Hiyo njo dawa yao. Lakini Mama alikuwa anakaa Kalemie kwa mudogo wangu Odile, na Odile anasali katika kanisa moja dogo linaloshika torati ya Musa. Kutoka Ijumaa jua likizama mpaka Jumamosi jua likizama, hawawashi moto. Nguruwe, hapana. Samaki asiye na magamba, hapana. Hata sufuria iliyomupikia haiingii nyumbani.

Musimucheke Odile. Alizika watoto, tena watoto ambao hawajatembea. Sisi ni Wakatoliki toka babu. Padri alikuja, akaomba, akanyunyiza maji, na watoto wakaondoka tu. Ndipo Pasta Grégoire akamuambia afanye agano na Mungu, ashike sheria zote, naye ataachiwa mutoto. Akashika. Joëlle akazaliwa, akaishi, leo anasoma sekondari. Aliyeumwa na nyoka akiona jani hushituka, na Odile kila sheria aliiona ni kamba inayomufunga Joëlle asiende walikokwenda wengine.

Mama hakumugombeza. Aliendelea na rozari yake mule mule ndani. Jumamosi moja alikula viazi baridi pamoja nao, Jumapili alikwenda misa na fimbo yake, na hakuna aliyemuuliza mwenzake neno. Nilipenda sana kuwaona hivyo.

Halafu akaugua. Waganga wa hospitali walituambia tumurudishe nyumbani, ale anachotaka, maana kazi yao imeisha. Akakataa bukari, ule ugali wetu. Akakataa uji. Wakamuletea samaki wenye magamba, kuhe, na mugebuka wa kuchoma, akageukia ukuta. Odile alipomuuliza anataka nini, alisema singa.

Nilitoka Kabimba nikapitia sokoni, nikafika na singa ndani ya kikapu. Odile akasimama mulangoni. Yaya njo ananiita, maana mimi ni mukubwa wake.

"Yaya, iache inje."

"Mama anasikia harufu toka kitandani."

"Ninajua. Nimeomba ruhusa kwa Pasta. Wazee watakaa, watanijibu."

"Mugonjwa haulizwi uji, Odile, na wewe umekwenda kumuulizia kwa wazee wa kanisa?"

Akaanza kulia. "Nikipika, na Joëlle akaumwa kesho, utanirudishia nani?"

Nikakiokota kikapu changu.

Nikaenda kwa jirani, Mama Tina, nikapika huko. Nikarudi na bakuli chini ya kitenge, wakati Odile yuko kisimani. Mama aliposikia ile harufu akatabasamu, akajaribu kukaa. Nikamuwekea muto mugongoni. Kijiko kilikuwa karibu na mudomo wake aliponiuliza: "Odile anajua?"

"Hajui. Kula, Mama."

Akausukuma mukono wangu taratibu. "Mungu aliyemuumba singa hakusahau magamba. Mimi hilo ninalijua, na mutoto wangu siku moja atalijua. Lakini nyumba hii ni yake. Siwezi kula kwa kujificha kama panya. Anipe mwenyewe, kwa mukono wake."

Nilimubembeleza. Nikakasirika. Nikamuambia kichwa chake ni kigumu kuliko mawe wanayochimba Kabimba, akacheka kidogo, akafunga macho. Ule muchuzi waliula watoto wa Mama Tina.

Ijumaa Odile akarudi kwa Pasta. Akaambiwa bado wanauliza, wamemupigia simu mwalimu wao mukubwa wa Lubumbashi. Jua likazama, moto ukazimwa nyumba nzima. Asubuhi yake Odile hakwenda kusali. Alikaa chini, miguu ya Mama juu ya mapaja yake, akiipapasa.

"Wamejibu?" Mama akauliza.

"Bado, Mama."

"Basi tungoje."

Akangoja. Jua lilikuwa limeshuka, limebaki kidogo juu ya milima, alipoacha kupumua.

Nilitoka nyuma ya nyumba nilie peke yangu. Nikakuta mbabula, lile jiko la mukaa, imepangwa makala tayari, na kiberiti pembeni. Kando yake beseni limefunikwa. Nikafunua: singa wawili wamesafishwa, wamekatwa, wametiwa chumvi. Odile alikuwa amenifuata.

"Niliwanunua jana nikitoka kwa Pasta, nikamaliza kuwasafisha jua linazama," akasema. "Niliona heri Mungu anikasirikie mimi. Lakini Sabato ilikuwa bado haijaisha, Yaya. Nilingoja jua lizame niwashe moto."

Nilimukumbatia kwa nguvu, na moyoni nilitamani kumupiga.

Jumapili Pasta Grégoire akaja kilioni na wazee wake. Hakuhubiri. Alivua viatu, akakaa mukekani mbele ya Odile, akazungumuza akiangalia vidole vyake.

"Jibu limefika asubuhi, mama. Mwalimu wetu wa Lubumbashi alikwenda kumuuliza Muyahudi mumoja muzee anayefahamiana naye. Yule muzee alishangaa kwamba tunauliza. Alisema kwao, uhai wa muntu ukiwa hatarini, sheria inakaa pembeni. Hata siku ya Sabato unawasha moto, unamupikia mugonjwa kile kitakachomusaidia, na si zambi. Ruhusa iko, mama. Ilikuwako toka zamani."

Wenye torati walikuwa na huruma ndani yake, na sisi tulibeba torati ya watu, huruma tukaiacha kwao. Nikafungua mudomo nimupe Pasta yaliyo yake, Odile akanishika mukono.

"Asante, Pasta," akasema. "Sasa nimupe nani?"

Machozi yalimutoka Pasta mbele ya wanawake wote, hakuyapanguza, na hasira yangu ikakosa pa kukaa. Baadaye yeye njo alibeba jeneza upande wa mbele mpaka makaburini, akasimama kimya wakati padri anasoma sala za Wakatoliki.

Tulipobaki wawili chumbani, tunakunja nguo za Mama, Odile akaniuliza bila kunitazama.

"Yaya, wewe njo ulimuosha. Alikufa na njaa?"

Nilimuosha, ndiyo. Mbavu zake zote nilizipitia kwa vidole vyangu, na tumbo lilikuwa limeshikana na mugongo.

"Hapana, mudogo wangu," nikasema. "Njaa ilikuwa imemutoka zamani."