Tafadhali Usijibu Ujumbe Huu

Kila baada ya wiki mbili, Jumatatu saa tatu asubuhi, karani wa miadi katika hospitali ya saratani aliwasha kompyuta, akasogeza kikombe cha chai mbali na kibodi na kuchagua majina ya wagonjwa wa mionzi. Yalikuwa mia mbili na kitu. Kisha aliandika: “Mashine inafanyiwa matengenezo. Miadi yako imesogezwa mbele wiki mbili. Pole kwa usumbufu. Tafadhali usijibu ujumbe huu.” Alibofya palipoandikwa Tuma, na simu mia mbili zikalia kwa mpigo mmoja katika nyumba asizozijua.

Namba ya kompyuta haikupokea majibu, ndivyo ilivyowekwa. Kwa hiyo majibu yalimjia karani mwilini. Yalianzia kwenye kifundo cha mkono wa kushoto, maandishi madogo meusi yasiyouma. “Sawa.” “Hii ni mara ya nne.” “Mama hamezi tena hata uji, tufanyeje?” Aliyasugua kwa sabuni, kisha kwa spiriti, yakabaki vilevile. Mfagizi wa ofisi alimweleza kwamba karani aliyemtangulia alistaafu akiwa amejaa mpaka shingoni. Meneja alimpa sweta ya mikono mirefu kutoka stoo, akamtaka atie saini kwamba ameipokea.

Mashine haikuwa mbovu. Ilifanya kazi kutwa, kwa wagonjwa wenye barua kutoka juu walioingilia mlango wa nyuma. Karani alijua, maana barua hizo alizifaili yeye.

Wa mia moja na nne katika orodha alikuwa dada yake, fundi cherehani, aliyemlea tangu walipofiwa na wazazi. Walikaa nyumba moja, vyumba vikitenganishwa na ukuta mwembamba. Uvimbe wa titi la dada ulipofika kwapani, karani alipiga moyo konde akaenda kwa meneja.

“Bosi, naomba dada yangu aingizwe wiki hii.”

Meneja alimsikiliza kwa upole, kalamu mkononi, mbele yake kukiwa na barua ya shemeji wa mkurugenzi.

“Tukianza kubebana kindugu,” alisema, “tutawaonea wengine.” Akaisaini ile barua.

Karani alirudi mezani. Angeweza kuliruka jina lile, jioni akamwambie dada yake ana kwa ana. Lakini aliyaogopa macho yake. Alituma kwa wote. Chai haijapoa, kiganjani pakatokea jibu: “Nimepata, mdogo wangu. Ukirudi pitia dukani uniletee uzi mweusi.”

Alileta uzi. Baada ya kula, dada yake aliushika mkono wake, akaugeuza chini ya taa na kuyasoma maneno yake mwenyewe.

“Mashine imeharibika kweli?” aliuliza.

“Imeharibika, dada.”

Dada yake aliuachia mkono, akaanza kukusanya vyombo. Kesho yake, karani akiwa kazini, jibu jingine likatokea ndani ya kiwiko: “Mama mkwe wa diwani katoka huko juzi, alama za mionzi ziko kifuani, nimemshonea blauzi ya kuzificha. Najua unajua. Sina kinyongo. Ila usinidanganye huku unanitazama.”

Tangu siku hiyo hawakuzungumza tena habari za hospitali. Miadi ilisogezwa mara mbili zaidi, na mara zote mbili karani alikaa mezani akikitazama kiganja chake mpaka saa ya kutoka. Hakikuandikwa kitu. Dada yake alifariki Alhamisi kabla ya adhuhuri, akiwa ameinamia cherehani, sketi ya mtu ikiwa imebaki pindo tu.

Baada ya mazishi karani alirudi kazini na kulikuta jina la dada yake palepale. Kulifuta kulihitaji fomu yenye saini ya mgonjwa mwenyewe. Alituma kwa wote. Simu ya marehemu, ambayo aliibeba ndani ya mkoba, ikalia kando ya mguu wake. Aliitoa, akasoma kwamba mashine inafanyiwa matengenezo, akairudisha mkobani.

Kufikia mwisho wa mwaka maandishi yalikuwa yamempanda mashavuni, na watu waliofika dirishani walikuwa wakimsoma badala ya kuuliza. Meneja aliona si vizuri, akamhamishia chumba cha mafaili. Tangazo la kazi likabandikwa, likitaka mtu mwenye cheti cha kompyuta na ngozi safi. Akapatikana mjane mmoja, mama wa watoto watatu, na karani akapewa asubuhi moja ya kumfundisha.

Mjane alimtazama uso, akausoma kidogo, kisha akauliza kama yanauma.

“Hayaumi,” karani alisema. “Chagua majina yote. Halafu bofya mara moja tu. Ukibofya mara mbili, watapata mara mbili.”

Mjane aliivuta mikono ya sweta yake mpya mpaka kwenye vidole, akabofya mara moja.