Mtu wa Tano

“Nyinyi iko wangapi?” aliuliza Mackline, mtunza nyumba, akiwa amelifungua geti nusu.

Ushindi alikohoa. Akakohoa tena, akimtazama mama yake kwa jicho la kumsihi anyamaze, lakini Concilie alikuwa ameshavuta pumzi. Swali hilo alilijua vizuri. Tangu akimbie Kivu Kusini, kila aliyeshika ufunguo wa mahali alimuuliza hivyo, na jibu lilikuwa moja: wataje wote, usimsahau hata aliyelala, maana asiyetajwa hana posho. Akatua chini sufuria yake ya sombe, majani ya muhogo yaliyotwangwa, akaanza kwa sauti ya mtu aliyezoea kuita wateja sokoni Rubondo, katika kambi ya wakimbizi.

“Tuko mingi, mama. Batoto bangu bane: Ushindi, Gisèle, Venuste na Ancilla. Bajukuu batatu, bale pale. Mukwe wangu anakuja na gari ya nyuma. Na miye.”

Alisema kwa fahari kabisa. Mackline akatazama simu yake, akamtazama tena yeye, na uso wake ukawa wa mtu anayetamani angekuwa hajauliza.

“Pole, nyabo. Bukingi ya nyumba inasema watu wane tu ndiyo ililipiwa. Hawa ingine iko na pesa yao ya kulipa, kila mutu ya kwake.”

Concilie alicheka, akidhani anataniwa. Hakuna aliyecheka naye.

Mackline hakuwa mtu mbaya. Mwenye nyumba alikuwa afande wa kambi ya jeshi, akilichungulia geti kwa kamera kutoka huko huko, naye Mackline alilinda kibarua chake tu. Waingie wote, alisema, wale, wapumzike. Jua likizama wabaki wanne, na apewe majina yao. Basi wakaingia katika ile nyumba ya Biharwe, aliyoikodi Ushindi kwa simu kwa usiku mmoja, yenye makochi meupe, wakakaa ukingoni mwa makochi kama watu wanaongoja kuitwa.

Ushindi alimketisha mama yake barazani, akamfungulia simu na kumwonyesha hesabu ya malipo.

“Hii ya kwanza ni ya nyumba. Hii ni ya kampuni ya mu simu. Hii ni ya usafi.”

“Nitapangusa miye.”

“Hata ukipangusa, haitoke. Na hii ya mwisho ni ya kila mutu anayepita bane. Nilikuwa naijua, mama. Kila nikiongeza mutu, bei inapanda. Nikaandika bane, nikasema habataangalia.”

Concilie aliitazama ile simu kwa hasira ya kweli. Yeye alikuwa akitwanga sombe na kuiuza kwa mafungu, na hakuwahi kumwacha mteja aende bila matabishi, konzi moja ya juu, ya bure.

“Kwangu mutu akinunua, ninamuongezea,” alisema. “Hapa banakuongezea deni.”

“Basi kwa nini ulibataja bote?” Ushindi alifoka.

“Ulitaka nimufiche nani?”

Ushindi akaanza kupiga hesabu ya pesa iliyobaki. Huko Kanada anakoishi alifungasha nyama usiku ili apate nauli ya kufika hapa, na kilichobaki kilikuwa cha karo za wale watoto watatu. Kuufuta mpango hakungesaidia, pesa isingerudi. Kurudi Rubondo wote nako hakukuwezekana: basi lake la kumpeleka uwanja wa ndege wa Entebbe lingeondoka Mbarara kesho yake alfajiri, na Venuste alikuwa amepewa ruhusa ya siku hiyo moja tu kazini huko Kampala. Kwa miaka minane Concilie hakuwahi kulala na watoto wake wote chini ya paa moja. Aliutaka usiku mmoja. Hakuomba kingine.

Walikula sombe. Mkwe alipigiwa simu ageuze njia. Jua liliposhuka, Mackline alisimama mlangoni, mikono nyuma, akiona haya.

“Wewe unalala hapa, mama,” alisema Ushindi. “Miye na wewe, na babili.”

“Babili gani?”

Gisèle alianza kukusanya viatu vya wanawe, kisha Ancilla naye akainuka akisema hana usingizi wa vitanda vya watu. Concilie akawaambia wote wawili waketi. Hasira yake ilikuwa kwa wengine: mwanawe na ujanja wake, ile kampuni ya simu isiyo na uso, na zaidi ya wote mdomo wake mwenyewe. Akamgeukia Mackline, akayataja majina manne, polepole. La kwake halikuwamo.

“Mama, ni wewe nililipia,” Ushindi alisema.

“Bajukuu banarudi na nani?” aliuliza Concilie, akiwashika mikono.

Concilie na wajukuu walipofika Rubondo usiku ulikuwa umekolea. Alikuwa akiwatandikia watoto mkeka simu ilipolia. Ushindi alikuwa ameiweka yake mezani kule Biharwe, sauti wazi: Venuste alikuwa akikwangua sufuria, Ancilla akimzomea, Gisèle akicheka kile kicheko chake cha utotoni, na kitanda kikilia kwa uzito wa mtu aliyejitupa juu yake. Concilie alisikiliza mpaka macho yakamlowa.

“Mama, uko?”

“Niko,” alinong’ona. “Lakini usiongee nguvu, batatuhesabu.”

Akailaza simu juu ya mto, akajinyoosha kando yake.