Mkoromo Kwenye Kiwanja cha Mahema

Fundi cherehani aligonga kigingi cha mwisho kwa jiwe, akavuta kamba mpaka hema likakaza, kisha akatandika mikeka miwili, mmoja wake na mmoja wa baba yake. Baba alikwisha kufariki, lakini mkoromo wake haukuacha kuja kambini. Kila likizo ulifika baada ya chakula cha mchana, maana mzee alikuwa mwoka mikate na maisha yake yote alilala mchana. Ulianza na mluzi mwembamba, ukashuka hadi kwenye ngurumo, ukakatika kidogo kana kwamba mzee kakumbuka kitu, halafu ukaendelea. Majirani walikwisha kuuzoea. Msimamizi wa kambi naye alishaamua kwamba mkoromo si mgeni, hauandikishwi, ila usizidi sauti ya redio.

Sehemu hiyo ya chini, karibu na maji, ilikuwa ya mahema tu. Ubao ulisema wazi kwamba gari lenye chumba cha kulala lipelekwe juu, kilimani. Mzee alikuwa akilala pale, juu ya mkeka, tangu mabinti zake wakiwa watoto.

Fundi, binti mkubwa, ndiye aliyemuuguza. Alimgeuza kitandani, akamlisha uji, akafua mashuka asubuhi na jioni. Muda wote huo mzee hakukoroma hata siku moja. Alilala macho wazi, sikio dirishani, akingoja gari la Kitinda. Kitinda alikuwa kitinda mimba wa nyumba ile. Alikuja mara mojamoja na mfuko wa machungwa, akakaa nusu saa, mzee akacheka mpaka akapaliwa, kisha akaondoka na kumwachia dada yake kazi ya kumpangusa. Kwa hiyo mkoromo ulipoanza kumjia kambini, fundi aliona haki yake imefika, ingawa kwa kuchelewa. Hakumwambia mdogo wake. Lakini mkoromo si kitu cha kuficha.

Likizo hii Kitinda naye akaja, pamoja na mumewe muuza matairi, kwa pikapu iliyobeba chumba mgongoni. Kilikuwa chumba kamili, chenye mlango, dirisha lenye pazia, jiko dogo la gesi na godoro nene. Wakaegesha kiwanja cha pili kutoka kwenye hema. Kitinda alimkumbatia dada yake, akasema amekonda, akamletea mto. Hakuwa na ubaya wowote, na hilo ndilo lililomuudhi fundi kuliko vyote. Aliutazama ule mlango, na kijiba cha roho kikamkaa.

Mchana mkoromo ulianzia kwenye mkeka kama kawaida. Ukakatika. Fundi akangoja. Ulipoendelea ulikuwa unatoka ndani ya pikapu, na ulikuwa mzito zaidi, wa mtu aliyepata godoro. Kitinda alifungua dirisha, akasema kwa sauti ya chini ili asimwamshe mzee:

"Dada, baba yuko huku."

"Nimesikia."

Siku iliyofuata haukupitia hata hemani. Fundi aliukung'uta mkeka, akausogeza penye kivuli, akaazima godoro la sponji kwa majirani na kulitandikia shuka safi. Mkoromo haukushawishika. Wivu ulimshika mpaka akaiacha chai yake. Basi akatoka, akaenda kibandani kwa msimamizi na kumsomea ubao wake mwenyewe, neno kwa neno.

Msimamizi alikuwa amejifanya haioni ile pikapu, kwa sababu muuza matairi alimfungia tairi jipya kwenye toroli bila kuombwa. Sasa ikabidi avae kofia aje. Muuza matairi alieleza kwamba chumba kile hushushwa, kikasimama chini kwa miguu yake chenyewe, na kinachosimama chini ni hema, tofauti ni kwamba hili ni gumu. Msimamizi aliinama, akachungulia uvunguni, akaonekana kutaka kukubali.

Fundi alivaa kidoleni kastabini yake, kile kikofia cha chuma cha kushonea, akagonga ukuta wa kile chumba mara mbili.

"Shemeji," alisema, "kitambaa hakigongeki."

Msimamizi akainuka, akaonyesha kilimani kwa kidole. Kitinda hakubisha. Aliuliza tu kama wangeweza kungoja mzee aamke kwanza. Fundi akasema ubao haujataja kungoja. Pikapu ikapanda kilima polepole, mzee akikoroma ndani, na kila ilipoingia shimoni mkoromo ulikatika, kisha ukashika tena.

Fundi alitandika upya mkeka wa baba, akaunyoosha pembe zote. Kesho yake mchana hakuja mtu. Alikaa mlangoni mwa hema mpaka jua likahama upande, kisha akaenda tena kibandani, akauliza kama angeweza kulihamishia hema lake juu. Msimamizi alijikuna chini ya kofia.

"Kule ni magari tu, dada. Hema haliruhusiwi. Ungeniomba juzi ningefumba macho, lakini sasa umeshanisomesha ubao."

Fundi alikuwa akikaza kamba ambayo haikuwa imelegea wakati Kitinda aliposhuka kwa miguu, chupa ya chai mkononi, viatu kavua ili asipige kelele wakati wa kutoka.

"Amelala," Kitinda alisema. "Kuna nafasi kwenye benchi, dada. Njoo umsikie."

Fundi aliwaza benchi la mdogo wake, pazia la mdogo wake, na yeye ameketi pale kama mtu aliyekuja kumjulia hali mgonjwa wa watu. Roho ikamuuma mpaka akainama tena kwenye kigingi.

"Namsikia kutoka hapa," alisema.

Kutoka pale hapakusikika kitu. Kitinda naye alitega sikio kidogo, akasema ni kweli, leo anasikika vizuri. Akamwekea dada yake chupa ya chai kando ya mkeka, akapanda kurudi kwa baba.