Siku Mahfoudha Aliponitembeza Masoko

Mwaka wa sabini, nchi ya Oman ilipofunguliwa, nilifika Maskati na sanduku moja la bati, nikapokewa Sib na Mahfoudha, binti ammi yangu. Baba yangu Suud na baba yake Khalfan ni tumbo moja. Mahfoudha alizaliwa Unguja kama mimi, akarejeshwa Oman akiwa na miaka kumi, na Kiswahili chake kilikuwa bado kitamu.

Haja yangu ilikuwa moja: khati ya sheikhe wa kabila, yenye kusema kuwa mimi ni Muhsina binti Suud. Bila ya khati hiyo sina cheti cha uraia, na bila ya cheti nitarudishwa nilikotoka. Huku hakuna aliyenijua ila Mahfoudha, na yeye aliniahidi kunishuhudia Jumamosi.

Alkhamisi akaniambia, "Mdogo wangu, kesho kutwa tuna shughuli. Leo nikutembeze masoko, usije ukasema umekaa kwetu hukuona kitu."

Nilifurahi! Nikavaa buibui langu la Unguja, nikatia udi. Tukaanza soko la samaki la Sib, asubuhi, jodari wamelazwa juu ya makuti mabichi, macho yao bado yanang'aa. Mahfoudha akinunua, akinieleza kila kitu: huyu papa mkavu wa Sur, hizi ndimu kavu za kutia kwenye mchuzi, ile tende nyeusi usiinunue, ya mwaka jana.

Kwetu mdogo hamwachi mkubwa wake abebe kikapu, wala hatangulii njia. Basi nikamwambia, "Lete, dada." Nikakibeba, nikawa namfuata nyuma hatua mbili. Kila tulipokaribishwa kahawa, nilishika dele mimi, nikammiminia yeye na wenyeji, nikanywa mwisho. Ndivyo nilivyolelewa. Yeye akisema nao Kiarabu, wakinitazama, wakitikisa vichwa. Kiarabu changu kilikuwa cha chuoni. Msahafu nnasoma, maneno ya sokoni yananipita. Nikadhani wananisifu kwa adabu.

Ilipokaribia adhuhuri gari ya mumewe ikatufikisha Matrah. Soko lile lina paa la makuti na magunia, jua linapenya vipande vipande, harufu ya ubani na ngozi na halua inayopikwa. Tuliingia karibu kila kipenu. Mwisho tukafika duka la vitambaa.

"Ningoje hapa nje," Mahfoudha akasema. "Humo wamejaa wanaume."

Nikakaa kizingitini na kikapu changu. Upande wa pili palikuwa na mama muuza ubani na wanja. Aliniangalia, halafu akanisemesha Kiswahili cha Pemba. "We mwana, watu gani hawa hata maji hawakupi? Umewatumikia miaka mingi?"

"Nimemtumikia nani?"

"Si wewe mtumishi wao, waliyetoka naye Unguja? Mwenyewe kasema. Hapa kasema, kwa muuza halua kasema, na huko Sib najua hakuacha mtu."

Nikacheka. Nikamwambia, "Mama, mimi binti ammi yake. Baba yangu Suud bin Thani."

Yeye hakucheka. Aliitwa Nasriya. Akanisogelea akanong'ona, "Suud bin Thani mwenye mitende ya Sib? Wanaila wao miaka ishirini. Akijulikana binti yake, si itagawiwa? Na huyo mwenye duka unamjua? Ndiye wakili wa sheikhe, Mzee Bakhit. Kabla ya kuandika khati huwauliza watu wa masoko: huyu mnamjua kuwa nani?"

Kazi ya utumishi si aibu, wajukuu zangu. Darisalama, nilikopita kabla ya kuja huku, nilifua nguo za watu, na nikala kwa jasho langu. Lakini siku ile nilikiacha kikapu kizingitini. Kila kikombe nilichomimina kilikuwa ushahidi juu yangu.

Nikaingia dukani. Wanaume wakageuka. Nikamwamkia Mzee Bakhit, nikasoma nasaba yangu kama baba alivyonifunza: Muhsina binti Suud bin Thani bin Sleyum bin Mattar, mpaka babu wa saba. Majina hayataki mkalimani.

Mahfoudha akasema jambo kwa Kiarabu. Nasriya, aliyenifuata, akanifasiria sikioni: "Anasema watumishi wa nyumba kubwa wote huhifadhi nasaba ya mabwana zao."

"Dada Mahfoudha!" nikasema. "Tumelala kitanda kimoja kwa bibi yetu! Wewe ulinisuka nywele nilipokuwa na surua!"

Akaangalia vitambaa.

Mzee Bakhit akamuuliza taratibu, mara mbili, na mara hii nilimfahamu bila ya Nasriya: huyu ni binti wa ammi yako, au siye?

"Simjui kwa hilo," akasema.

"Basi na iandikwe," nikamwambia Mzee Bakhit, Nasriya akinifasiria. "Iandikwe kuwa Mahfoudha binti Khalfan hamjui Muhsina binti Suud. Itiwe na tarehe, na yeye atie dole."

"Ya nini kuandika?" Mahfoudha akadakia. "Mambo ya kusema tu haya."

Mzee Bakhit akaandika. Hakuwa na haraka. Nikasikia kalamu inakwaruza, nikamwangalia binti ammi yangu usoni, nikamngojea. Mimi ni mtu wa subira, na nilijua hatotia mkono wake pale. Mtu husema uongo kwa mdomo, nikajiambia, lakini damu haikatwi kwa wino.

Wakamsogezea kidau cha wino. Akachovya dole gumba, akalibana kwenye karatasi barabara, akalipangusa kwa pembe ya kitambaa cha dukani.

Kisha akanigeukia, akaniuliza kwa Kiswahili chetu, kwa upole kabisa:

"Umeshakula, mdogo wangu?"