Upindo wa Vidole Vinne

...na pini sita zimebanwa midomoni, kwa hiyo hata angetaka kulisema sasa hivi asingeweza, na afadhali iwe hivyo, zitoke kwanza, pini ya sita ikishaingia kwenye kitambaa ndipo Fundi atainua uso na kusema, shoga yangu, nafunga duka, nahamia kwa binti yangu, maneno sita tu ukiacha hilo la shoga, mtu mzima hashindwi na maneno sita, ila magoti yanauma kwenye hii sakafu na mtoto aliye juu ya kigoda hatulii, anajipindapinda kama amekanyaga siafu, "Simama wima wewe, Bibi Fundi atakuchoma," anasema nyanya yake huko juu, kisha bila kupumua anarudi kwenye habari za jikoni, mpishi mwenzake aliyeacha sufuria motoni akaenda kupiga domo na mlinzi wa geti, "nikamwambia, dada, watoto mia tatu watakula moshi leo?" na Fundi anaitika "mm," maana mwenye pini mdomoni ana neno moja tu, na kwa Redio neno moja linatosha. Redio ndiyo, safu nzima ya maduka inamwita hivyo na yeye anaitika, mpishi wa shule ya kona, redio isiyo na kitufe cha kuzimia, akipewa siri asubuhi mchana inanunua sukari dukani. Mtoto ni mjukuu wake, miaka saba, na gauni alilovalishwa ni la nyanya mwenyewe, la bluu lenye nukta nyeupe, limemmeza mabega na kumwagika mpaka chini ya kigoda, likatwe limtoshe, kitambaa bado kizima, amesema Redio, cha zamani hicho, siku hizi hawafumi hivi, na ni kweli, hawafumi... pini ya kwanza. Vidole viwili chini ya pale gauni litakapoishia, hapo ndipo pini ikae, pini ndizo zitakazouonyesha mkasi njia. Vidole viwili. Maisha yake yote Fundi ameacha vidole vinne, upindo wa vidole vinne kwa kila kitu cha mtoto, mafundi wengine walimcheka, unazika kitambaa, walisema, na yeye akawaambia mtoto hakui kwa ruhusa yenu, mwakani nafumua, nashusha, napiga pasi, amepata gauni jipya. Lakini mwakani nani atafumua? Fundi mwingine atauvuta uzi kwa meno akipasue, basi viwili, viwili vinatosha, pini ya pili.

"Mama, leo jioni nataka jibu," ndivyo alivyosema binti yake kwenye simu asubuhi, hakuwa na ubaya, mtoto mwema yule, "mwenye nyumba wako anasubiri, mimi huku chumba chako nimeshakipaka rangi, dirisha linatazama bustani, hapo una nani?" Hapo una nani... swali limemkaa kooni toka asubuhi, kwa sababu alisema tu nitakupigia jioni. Ana nani? Mume alishatangulia siku nyingi. Milango minane ilikuwa kwenye safu hii na sasa imebaki mitano, mpiga picha hakurudi baada ya ile miezi ya kufungiwa ndani, mama wa maua hakurudi, mwenye mkahawa alirudi akakaa wiki mbili akanyoosha mikono, na waliobaki, kinyozi, seremala, fundi viatu, yeye na muuza vifaa vya shule, kila mtu na lake, habari za asubuhi, nzuri, basi. Alivuka peke yake ile miezi. Hilo ndilo analojivunia na ndilo linalompa ruhusa ya kuondoka, hajala cha mtu, hamna atakayesema tulimbeba... "halafu akaniambia eti sufuria lina tundu, tundu! nikasema tundu liko kichwani mwako," mm, anasema Fundi, mm. Pini ya tatu. Na gari la kipaza sauti lilipopita mchana ule kutangaza, yeye alikuwa mezani anakata sare, sare za shule nzima, ameshakata mashati yote na sketi nusu, sauti ikasema shule zimefungwa na maduka yafungwe mpaka itakapotangazwa, na mkasi ukasimama katikati ya kitambaa, akacheka, wiki mbili hizi, akamalizia kukata. Wiki mbili! Sare zilikaa rafuni hadi mikunjo ikawa na alama ya vumbi, harusi zikaahirishwa na magauni yake, barakoa akashona mpaka zikaja za kiwandani nazo zikamfuta, halafu kimya, kimya cha kusikia saa ya ukutani ya jirani, mlango wa mbele umefungwa na yeye nyuma ya pazia na cherehani iliyofunikwa shuka, siku nyingine anaifunua, anakanyaga bila uzi, asikie tu mlio wake, mtu mzima na akili zake anashona hewa.

Na hapo ndipo Redio alipokuja mara ya kwanza na mfuko wa unga. Aibu ya siku ile mpaka leo ikimjia hufumba macho, maana alisimama mlangoni na barakoa usoni, akasukuma ule mfuko kwa mguu, kwa mguu jamani, akasema "Wapelekee wanaoomba, mimi nina mikono," na Redio, Redio yule, hakujibu neno, akainama akaokota unga wake akaenda. Shule yenyewe imefungwa, sufuria zake zimegeuzwa kifudifudi, alikuwa na unga wa kugawa kutoka wapi? Hakujiuliza. Alifunga mlango akalia, akanawa uso, akajikaza kisabuni. Halafu wiki iliyofuata Mungu akafungua njia, hivyo ndivyo anavyowasimuliaga watu, Mungu alifungua njia, kazi zikaanza kuja zenyewe, siyo za kushona vipya, za kuziba vilivyochanika, wa kwanza Redio huyohuyo na gauni limepasuka ubavuni, "msumari wa mlango, shoga, mlango wangu unanitafuta ubaya," akalipa palepale akaondoka bila kugusia unga, kesho yake kinyozi na suruali, amekalia kitu, halafu seremala na shati, halafu fundi viatu na koti ambalo hajawahi kuonekana nalo, halafu mke wa muuza vifaa na mapazia, mapazia mawili yamechanika siku moja, paka, alisema, na Fundi akawa anacheka peke yake nyuma ya pazia lake, huu mtaa umerogwa, watu wamefungiwa ndani wamesahau hata kutembea, kila mtu anajikwaa kwenye nyumba yake mwenyewe. Alishona. Asubuhi hadi jua linatoka dirishani. Zile nguo ndizo zilizomvusha hadi shule zikafunguliwa, na zilipofunguliwa watoto wote walikuwa wamerefuka, wiki nzima akashusha vidole vinne vinne mtaa mzima, hakuna aliyemcheka tena... "Bibi Fundi, mguu wangu umelala," anasema mtoto, "Uamshe," anasema Redio, "bado pini tatu, siyo Fundi?" mm.

Ya nne. Mkono unashika kitambaa ubavuni, unakivuta kidogo kikae sawa, na vidole vinakutana na tuta. Tuta dogo, refu la kiganja kimoja, limelala palepale mkasi unapotakiwa kupita. Vidole vilijua kabla ya macho. Ni mshono wake, ule wa msumari wa mlango, ee, kumbe ndilo gauni lenyewe, anageuza kitambaa ndani nje na tabasamu la kumwona mtu wa nyumbani, kiraka cha bluu kwa ndani, tundu ndogondogo za sindano, kila baada ya mishono kumi mafundo mawili, ndiye yeye huyo, alikuwa na mkono mzuri hata kwa njaa, uzi umeanza kuchoka pembeni na kiraka kimefunuka kidogo, na chini ya kiraka unaonekana mpasuko wenyewe wa zamani... umenyooka. Anausogeza usoni. Umenyooka kama mstari wa rula, nyuzi zote zimeishia mahali pamoja, hakuna hata moja iliyovutwa. Msumari haufanyi hivi. Msumari unang'ata, unavuta, unapinda na kushuka na uzi, unaacha manyoya, yeye anajua, yeye ndiye aliyekuwa akiwatisha watu kwa hilo, nipe nguo nikwambie kilichoichana, mwiba huu, mbwa huyu, huyu ni mke ameivuta kwa hasira usinidanganye, walikuwa wanaleta kwa utani na hakuwahi kukosea. Hiki ni kisu. Kisu cha jikoni kilichonolewa vizuri, kimeingia hapa, kimetembea, kimetokea hapa, taratibu, na mtu aliyekishika hakuwa na haraka wala hasira. Redio hapo juu anasema kitu kuhusu kitunguu. Kisu... na suruali ya kinyozi, subiri, suruali ya kinyozi ilikuwa na mchano mwembamba kiasi kwamba alijisifu kwa kuuziba bila kiraka, mwembamba hivyo, umekalia nini wewe mwanamume, umekalia wembe? Wembe. Na shati la seremala lilikuwa na meno, alikumbuka meno yake, madogo sawasawa kama ya kitana, akajiambia panya, panya gani huyo anayeng'ata kwa mpangilio, ni msumeno ule, mjinga yule amelitandika shati jema juu ya meza yake ya kazi akalipiga msumeno! Na koti la fundi viatu, kisu cha kukatia soli. Na mapazia, mkasi wa dukani, ule wa watoto wenye ncha butu, ndiyo maana yalikuwa yametafunwa vile, kumbe hakuna paka, hawakuwahi kuwa na paka, yule mama, paka wakimkaribia, hupiga chafya mpaka alie.

Wewe Fundi mwenye macho. Yote yalipita mikononi mwako na hukuona hata moja. Au hukutaka kuona, maana ungeona ungerudisha, ungezisukuma na zenyewe kwa mguu, na wao walilijua hilo, walikaa wakalifikiri, katika miezi ile ambayo kinyozi hakuwa na kichwa cha kunyoa na seremala alikuwa anachoma mabaki ya mbao kupikia, mtu mwenye suruali mbili za maana anaichana moja kwa wembe wake, anaipeleka ishonwe, analipa, ili jirani mwenye kiburi ale jasho lake. Alivuka peke yake! Amewaambia watu hivyo miaka minne, amewaambia wao wenyewe, hapo mlangoni, mimi sikula cha mtu, na kinyozi akaitika, kweli kabisa Fundi, wewe ni chuma, na seremala akatazama viatu vyake, walisikiliza na kuitika na kwenda zao. Na Redio... anainua macho kidogo, anamwona kwa chini, kidevu, mdomo unaokwenda, mwanamke asiyeweza kukaa na bei ya nyanya kifuani mpaka jioni, hili amekaa nalo miaka minne, hakulidondosha hata kwa bahati mbaya, hata siku walipogombana kuhusu maji, hata leo, kalileta gauni lenyewe na amesahau, au hakusahau, ameamini tu kwamba ukishashona umeshashona. Asante, anasema Fundi moyoni, asanteni, anawataja mmoja mmoja kwa vifaa vyao, kisu, wembe, msumeno, na kifua kinamjaa mpaka pini zinatikisika midomoni. Aseme? Aseme, nimeona? Hapana. Walimsitiri, naye amvue nani nguo. Hapo una nani, aliuliza binti yake, na jibu liko hapa limesimama linaongelea kitunguu.

"Fundi, mbona unalia? Umejichoma?" Mm, anaitika, mm, ndiyo, anaonyesha kidole kizima kisicho na tone la damu, "Pole, shoga, pole, ndiyo maana naogopa hizo pini zako, siku moja utazimeza," na kabla pole haijaisha amesharudi jikoni kwake, na Fundi anafuta jicho kwa bega na kutazama pini tatu alizokwisha kuzichomeka, vidole viwili, halafu anatazama kiraka. Mkasi ukipita hapa unakikata katikati, nusu inakwenda na vitambaa vya kufagia. Anachomoa ya tatu. Anachomoa ya pili, ya kwanza, anazirudisha midomoni na zile nyingine, sita, anaanza upya, anaweka kiganja chini ya pale gauni litakapoishia, kidole, kidole, kidole, kidole, na kiraka kimeingia chote ndani ya upindo, hakuna atakayekiona mpaka siku ya kushusha. "Haa, unazitoa tena? Ulikosea?" anauliza Redio, na Fundi anaitika mm, alikosea, halafu kwa pembe ya mdomo, kati ya pini na pini, anasema mwakani nitaushusha mwenyewe, ila Redio hakusikia, alikuwa ameshafika kwenye kitunguu cha pili.